Plagini ya kwanza kwenye tovuti yako: kuichagua, kuiweka na kujua kuitoa

Swali: Nimetengeneza tovuti ya kwaya yetu kwa WordPress. Ina kurasa tano na inafunguka vizuri. Sasa nataka fomu ya watu kutuandikia, picha za maonyesho zinazokua mtu akizigusa, na bekapu. Kila ninayemuuliza ananiambia "weka plagini", lakini nikitafuta zinakuja mamia na sioni tofauti yake. Wengine wanasema zikizidi kumi tovuti inakuwa nzito. Wiki iliyopita niliweka moja ya fomu, ikaonekana vizuri kabisa, ila ujumbe wa majaribio haukunifikia. Nichague vipi, na nikiharibu nitarudije nyuma?

Jibu: Katika hayo matatu unayoyataka, la picha halihitaji plagini, la bekapu lilipaswa kutangulia yote, na la fomu limekwama mahali ambapo pengine plagini haina kosa. Nitayafikia yote, lakini kwanza tuelewane plagini ni kitu gani.

Plagini, au programu-jalizi kama wengine wanavyoiita, ni folda tu. Inakaa ndani ya wp-content/plugins kwenye seva yako, na ndani yake kuna walau faili moja la PHP (lugha ya programu ambayo WordPress imeandikwa kwayo) lenye jina la plagini hapo juu kabisa. WordPress haiutengenezi ukurasa kwa mkupuo mmoja. Inapita vituo vingi, na katika kila kituo inauliza kama kuna mwenye la kuongeza au la kubadilisha. Plagini ni yule anayejibu "mimi ninalo". Plagini nzima inaweza kuwa fupi hivi:

<?php
/*
Plugin Name: Tangazo la Mazoezi
*/
add_action( 'wp_footer', function () {
    echo '<p>Mazoezi ni kila Jumamosi saa 9 alasiri.</p>';
} );

Faili hilo likikaa kwenye folda yake na plagini ikawashwa, sentensi hiyo itatokea chini ya kila ukurasa. Neno wp_footer ni jina la kituo kilicho karibu na mwisho, ukurasa unapokaribia kufungwa. WooCommerce, inayogeuza tovuti kuwa duka, ina maelfu ya mafaili, lakini inaingia kwa mlango huohuo.

Sasa utazame tena mfano huo uone kisichokuwemo. Hakuna mahali palipoombwa ruhusa. Programu ya simu ikitaka kamera, simu inakuuliza kwanza. Plagini ya WordPress haiulizi wala haiulizwi. Ikishawashwa inaweza kusoma hifadhidata yote, kuandika kwenye mafaili, kutuma barua pepe na hata kuongeza mtumiaji mpya mwenye mamlaka ya msimamizi. Plagini ya kupaka kitufe rangi ina nguvu zilezile za plagini ya ulinzi. Kila unayoiweka umeikabidhi funguo za nyumba nzima, kwa hiyo kabla ya kuuliza inafanya nini, uliza nani ameiandika na kama bado anaitunza.

Yaliyomo tayari

Plagini salama kuliko zote ni ile ambayo hukuihitaji. Tangu toleo la 6.4, lililotoka Novemba 2023, bloku ya picha inaweza kukuza picha bila msaada wowote. Fungua ukurasa kwenye kihariri, bofya picha, kisha kwenye upau mdogo unaojitokeza juu yake gusa alama ya kiungo na uchague kukuza picha inapobofywa. Hifadhi, ufungue ukurasa kama mgeni, ujaribu. Kazi imekwisha. Plagini za maonyesho ya picha zina maana pale unapotaka albamu mia, kuchuja kwa mwaka, au kuuza picha. Kwa picha ishirini za jukwaani ni mzigo wa bure.

Ni vivyo hivyo kwa video ya YouTube (bandika anwani yake peke yake kwenye mstari mtupu), majedwali, alama za mitandao ya kijamii, na ukurasa unaofungwa kwa nenosiri. Hata ramani ya tovuti kwa ajili ya injini za utafutaji ipo tangu toleo la 5.5, andika /wp-sitemap.xml mwishoni mwa anwani ya tovuti yako na utaiona.

Bekapu itangulie

Tovuti ya WordPress ina sehemu mbili zinazokaa mbalimbali. Hifadhidata ina maandishi, mipangilio na watumiaji. Mafaili yana picha, mandhari (yanayoipa tovuti sura yake) na plagini. Bekapu yenye moja bila nyingine ni nusu tovuti, na watu wengi hugundua hilo siku ya kurejesha.

Plagini ya UpdraftPlus inatosha kwa tovuti ya ukubwa wako, na toleo lake la bure linafanya kila utakachohitaji. Baada ya kuiwasha, ingia kwenye mipangilio yake ufanye mambo mawili. La kwanza ni ratiba: kwa kurasa tano zisizobadilika mara kwa mara, mara moja kwa wiki inatosha, na ubakize nakala nne badala ya mbili inazokupangia. La pili ndilo linalosahaulika, nalo ni pa kuhifadhia. Usipochagua mahali pengine, nakala zitabaki kwenye folda iliyo ndani ya seva ileile, na seva ikiharibika vimeondoka vyote kwa pamoja. Unganisha Google Drive au Dropbox, kisha bonyeza kitufe cha kufanya bekapu sasa hivi.

Ikimaliza, nenda kwenye Drive yako uangalie kwa macho. Unapaswa kukuta faili la hifadhidata lenye mwisho wa .gz, na mafaili ya zip ya plagini, mandhari, picha zilizopakiwa, na mengineyo. Kama faili la hifadhidata lina ukubwa wa sifuri, huna bekapu. Usishangae pia bekapu ikichelewa kuliko saa uliyopanga: WordPress haina saa yake yenyewe, huamshwa na mtu anayefungua tovuti. Ukipanga saa 8 usiku na mgeni wa kwanza akaja saa 12 asubuhi, kazi itaanza saa 12 asubuhi.

Kuchagua katika mamia

Saraka rasmi ya WordPress ina plagini zaidi ya 50,000, na ndiyo unayoiona ukitafuta kutoka kwenye dashibodi, yaani kurasa za usimamizi wa tovuti. Plagini hukaguliwa inapoingia humo mara ya kwanza. Masasisho yanayofuata hayasubiri mkaguzi, kwa hiyo kuwemo kwenye saraka ni dalili njema, si hati ya usalama.

Ukibofya jina la plagini, cha kwanza kuangalia ni tarehe ya sasisho la mwisho. Iliyokaa zaidi ya mwaka bila kuguswa iogope kidogo; ile ambayo ukurasa wake unakuonya kwamba haijajaribiwa na matoleo makubwa matatu ya karibuni, iache. Kumbuka tu kwamba maneno "imejaribiwa hadi toleo fulani" huandikwa na mwenye plagini mwenyewe katika faili lake la readme.txt. Hakuna mwingine aliyekaa akajaribu. Kutokuwepo kwake kunakuambia kwamba mwenyewe ameondoka. Kuwepo kwake hakuthibitishi kitu kikubwa.

Idadi ya tovuti zinazoitumia inasaidia kwa sababu moja: kosa katika plagini yenye watumiaji laki tano litaonwa na mtu mwingine kabla yako. Nyota za wastani hazisaidii sana. Fungua zile za nyota moja za miezi ya karibuni uzisome, ukiruka za wanaolalamikia matangazo na bei, na utafute zinazosema "baada ya kusasisha tovuti iliharibika". Zikiwa nyingi na za wiki moja, subiri. Kisha pitia sehemu ya msaada uone kama mwandishi anajibu. Plagini yenye maswali thelathini ya mwezi uliopita na majibu sifuri inakuonyesha jinsi utakavyohudumiwa siku yako ikifika.

Kati ya plagini inayofanya jambo moja na inayofanya thelathini, chukua ya jambo moja, hata kama hiyo nyingine inajitangaza kuwa inakuokolea nafasi. Ya thelathini ikiharibika utashindwa kuitoa, kwa sababu mambo ishirini na tisa mengine yameishikilia.

Kuna moja nisilolifanyia mjadala: plagini za kulipia zinazogawiwa bure kwenye tovuti za uvunguni. Nyingi zimefunguliwa na kuongezewa mistari michache inayomwachia mtu mlango wa nyuma. Tovuti itafanya kazi vizuri tu, huku ikituma barua taka au kuwapeleka wageni wako kwenye kurasa za kamari, na wewe ukiingia kama msimamizi huoni chochote kwa sababu msimbo umepangwa kujificha mbele ya msimamizi.

Kuiweka

Kwenye menyu ya kushoto fungua "Plugins", bonyeza kitufe cha kuongeza mpya kilicho juu, andika unachotafuta, kisha "Install Now". Kitufe hicho kinashusha mafaili tu. Plagini haifanyi lolote mpaka ubonyeze "Activate", nao ni mbonyezo wa pili ambao wengi huusahau. Kama menyu yenyewe huioni, ama akaunti yako si ya msimamizi, ama tovuti iko kwenye huduma ya WordPress.com kwa mpango usioruhusu plagini.

Weka moja, ifungue tovuti kwenye dirisha la faragha la kivinjari, pitia kurasa zako zote tano, ndipo uende kwa inayofuata. Ukiwasha nne kwa mpigo na tovuti ikapinda, umejiletea kazi ya upelelezi.

Ukiwa umepewa plagini kama faili la zip, utaipakia kutoka ukurasa huohuo. Hapo makosa mawili yanajirudia. Ukiambiwa hakuna plagini halali iliyopatikana, huenda zip yako ina zip nyingine ndani pamoja na maelekezo. Ifungue, utoe ile ya ndani, upakie hiyo. Ukiambiwa kiungo ulichokifuata kimekwisha muda, usihangaike na kiungo: faili limezidi ukubwa ambao seva inaruhusu kupakia. Waombe wanaokuhifadhia tovuti wakipandishe kiwango hicho. Watumiaji wa Safari kwenye Mac wana mtihani wao wa ziada, maana kivinjari hicho huifungua zip chenyewe kinapoipakua, na wewe unabaki na folda isiyopakika.

Fomu na ujumbe uliopotea

Hukusema uliweka plagini ipi, kwa hiyo nitatumia Contact Form 7, ambayo ni ya bure, ya siku nyingi, na haifichi kitu. Ukiwa na nyingine, majina ya vichupo yatatofautiana lakini mambo ni yaleyale.

Ukitengeneza fomu mpya utakuta imeshajazwa visanduku vinne: jina, barua pepe, mada na ujumbe. Viache hivyo. Nakili msimbo mfupi wenye mabano ya mraba ulio juu ya ukurasa, ubandike kwenye ukurasa wako wa mawasiliano, hifadhi. Fomu itaonekana. Wengi huishia hapa, na wewe pia nadhani uliishia hapa.

Sasa jaza fomu kama mgeni, uitume, na uutazame mstari unaozunguka jibu litakalotokea chini. Isipokuwa mandhari yako imebadilisha rangi, kijani ni kwamba seva imeipokea barua, nyekundu ni kwamba imeshindwa kuituma, njano ni kwamba kuna kisanduku hakijajazwa sawasawa, na rangi ya chungwa ni kwamba umedhaniwa kuwa mtuma taka. Usiisome kijani kuwa "barua imefika". Ni sawa na kutia barua kwenye sanduku la posta: umeitia, basi.

Kinachofuata ndicho kinachowapoteza watu. Plagini ya fomu haitumi barua pepe yenyewe. Inaikabidhi WordPress, WordPress inaikabidhi seva, na seva inaitoa nje bila nenosiri la kisanduku chochote cha barua. Gmail ikiipokea inauliza: seva hii imeruhusiwa kutuma kwa jina la anwani hii? Jibu likiwa hapana, barua inaingia kwenye taka au inatupwa kimya kimya. Tangu Februari 2024, Gmail na Yahoo wamekaza zaidi masharti ya kuthibitisha mtumaji, ndiyo maana hata fomu zilizofanya kazi miaka mingi zilinyamaza ghafla.

Fungua kichupo cha "Mail" kwenye fomu yako uangalie mstari wa "From". Kosa la kawaida ni kuweka hapo [your-email], yaani anwani ya mgeni, kwa hoja kwamba ndiye anayeandika. Kwa Gmail hiyo ni seva yako kujifanya mgeni huyo, na itakataliwa. Hapo iwe anwani ya kikoa chako mwenyewe, mfano tovuti@ ikifuatiwa na jina la tovuti yako, na iwe anwani iliyopo kweli. Ya mgeni iende kwenye mistari ya ziada hapo chini, hivi:

Reply-To: [your-email]

Ukibonyeza kujibu, jibu litamwendea mgeni. Kwa baadhi ya watu hilo peke yake linamaliza tatizo. Likibaki, ongeza WP Mail SMTP, ambayo inaifanya WordPress itume kwa kuingia kwenye kisanduku halisi cha barua kama ufanyavyo kwenye simu. Inahitaji jina la seva ya barua, mlango 587 wenye TLS au 465 wenye SSL (hizi ni aina mbili za usimbaji, yaani kuficha mawasiliano njiani), anwani kamili na nenosiri lake. Milango hiyo miwili usiichanganye na usimbaji wa mwenzake. 587 na SSL huning'inia sekunde nyingi kisha ikakupa kosa lisiloeleweka. Ukitumia kisanduku cha Gmail kwa njia hii, nenosiri lako la kawaida litakataliwa. Washa uthibitishaji wa hatua mbili kwenye akaunti ya Google, kisha utengeneze nenosiri la programu lenye herufi 16. Plagini hiyo ina sehemu ya kutuma barua ya majaribio. Itume kwa anwani mbili za kampuni tofauti, usiridhike na moja.

Jambo la mwisho la fomu: Contact Form 7 haihifadhi ujumbe. Barua ikipotea njiani, imepotea. Mwandishi wake ana plagini ya pili, Flamingo, inayoweka nakala kwenye dashibodi, na kwa hali yako ningeiweka leo. Ila ujue kuwa kuanzia hapo unatunza majina na anwani za watu, kwa hiyo zilizokwisha kazi uzifute.

Kuhusu hiyo kumi

Kumi haina msingi wowote. Plagini ishirini ndogo za aina ya tangazo letu la mazoezi hazitahisiwa na mtu, na moja tu inayouliza hifadhidata mara mia kwa kila ukurasa itahisiwa na kila mtu. Uzito unatoka mahali patatu: maswali kwa hifadhidata, mafaili ya CSS na JavaScript (ya mwonekano na ya vitendo vya ukurasa) yanayoshushwa kwenye kila ukurasa hata pasipohitajika (Contact Form 7 yenyewe hufanya hivyo isipoambiwa vingine), na mawasiliano na seva za nje ambayo ukurasa unalazimika kuyasubiri. Ukitaka kujua nani mkosaji, iwashe plagini ya Query Monitor kwa muda. Inaweka upau juu ya tovuti, kwako tu, ukionyesha kila plagini imeuliza maswali mangapi na yamechukua muda gani. Ukimaliza, izime.

Chunga zaidi plagini mbili za kazi moja. Mfano ulio wazi ni kache, yaani kuhifadhi nakala ya ukurasa uliokwisha kutengenezwa ili ufunguke haraka. WordPress ina nafasi ya faili moja tu liitwalo advanced-cache.php, nalo husomwa mapema kabla ya plagini nyingine zote. Plagini mbili za kache zitapokonyana nafasi hiyo, na utaona kurasa za zamani zikirudi, au mabadiliko yako yakionekana kwa mmoja na yasionekane kwa mwingine. Plagini mbili za SEO (za kuisaidia tovuti ionekane kwenye injini za utafutaji) nazo zitaandika maelezo ya ukurasa mara mbili. Moja kwa kazi moja, na kwa tovuti yako ya kurasa tano, ya kache huihitaji bado.

Tovuti ikigoma

Unapowasha plagini yenye kosa la wazi la msimbo, WordPress huligundua hapohapo na kukataa kuiwasha. Makosa yanayopita ni yale yaliyo kwenye sehemu inayofanya kazi baadaye: kwenye ukurasa wa wageni, au baada ya sasisho. Hapo ndipo unapokutana na ukurasa mweupe au maneno kwamba kumetokea hitilafu kubwa.

Tangu toleo la 5.2 la mwaka 2019, WordPress hutuma barua pepe kwa anwani ya msimamizi ikitaja plagini iliyosababisha, pamoja na kiungo cha kuingilia katika hali ya uokoaji, ambamo plagini hiyo imesimamishwa kwako ili uweze kuizima. Angalia na folda ya taka. Na sasa unaona kwa nini tumehangaika na barua pepe: tovuti isiyoweza kutuma barua haiwezi kukutumia kiungo hicho.

Barua isipokuja, ingia kwenye paneli ya kampuni inayokuhifadhia tovuti, fungua meneja wa mafaili, nenda wp-content/plugins, na uibadilishe jina folda ya plagini unayoishuku, mfano kwa kuongeza "-zima" mwishoni. WordPress isipoiona folda haiwezi kuipakia, na tovuti itarudi. Data yako haijaguswa.

Kama huijui yenye kosa, badilisha jina la folda nzima ya plugins. Kisha ingia kwenye dashibodi na, tafadhali, ufungue ukurasa wa orodha ya plagini kabla ya kurudisha jina. Ni katika kuufungua ukurasa huo ndipo WordPress inapotambua kuwa mafaili hayapo na kuandika kwamba zote zimezimwa. Ukirudisha jina bila kuufungua, zote zitaamka pamoja na tovuti itaanguka palepale, nawe utadhani mbinu imeshindwa. Baada ya kurudisha jina, ziwashe moja baada ya nyingine ukiangalia tovuti kila mara.

Ikiwa tovuti imekwama kwenye tangazo la matengenezo mafupi baada ya sasisho kukatika katikati, tafuta faili liitwalo .maintenance kwenye folda kuu na ulifute. Meneja wa mafaili wengi huficha mafaili yanayoanza na nukta, kwa hiyo washa kwanza chaguo la kuyaonyesha. Kisha rudia lile sasisho.

Masasisho yenyewe usiyaogope kwa sababu ya haya. Kosa la usalama likishatangazwa kuwa limezibwa, wanaotafuta tovuti ambazo hazijaziba huanza kazi mara moja, kwa mashine. Tangu toleo la 5.5 unaweza kuwasha sasisho la kujiendesha kwa kila plagini peke yake, kwenye safu ya mwisho ya orodha. Kwa plagini ya fomu na ya bekapu, iwashe. Na ukitaka kujaribu plagini usiyoiamini bado, usiijaribie kwenye tovuti ya kwaya: WordPress Playground inakufungulia WordPress nzima ndani ya kivinjari, unaweka unachotaka, na ukiifunga kila kitu kinafutika.

Kuitoa

Kuzima na kufuta ni vitu viwili. Ukizima, WordPress haiipakii tena, lakini mafaili yake yangali kwenye seva na anayejua anwani yake anaweza kuyaita moja kwa moja. Septemba 2020 plagini iitwayo File Manager, iliyokuwa kwenye tovuti zaidi ya 700,000, ilikutwa na faili lililomruhusu mtu yeyote kupakia msimbo wake bila kuingia kwa nenosiri. Faili hilo liliitwa kwa anwani yake lenyewe, halikupitia WordPress, kwa hiyo kuzima plagini hakukuwa kinga. Usiyoitumia ifute.

Kuna na plagini zinazoondolewa kwenye saraka kwa sababu za usalama. Dashibodi yako haitakuambia. Utaona tu kwamba masasisho hayaji tena. Kila baada ya miezi mitatu hivi, bofya jina la kila plagini uone kama ukurasa wake kwenye saraka bado upo wazi.

Kufuta nako huacha masalia. Plagini nyingi hubakiza majedwali yake kwenye hifadhidata, nyingine kwa makusudi ili ukirudi ukute mipangilio yako, kwa hiyo kabla ya kufuta tazama kwenye mipangilio yake kama kuna kisanduku cha kuondoa data zote. Kinachoonekana na wageni ni misimbo mifupi: plagini ya fomu ikiondoka, ukurasa wa mawasiliano utaonyesha [contact-form-7 ...] kama maandishi ya kawaida. Tafuta alama ya mabano ya mraba kwenye kurasa zako zote, uifute kwa mkono, kisha ndipo uweke fomu nyingine mahali pake.